Barua Iliyokwenda Siko: Asili na Maana ya Neno Moja la Posta, Pamoja na Ushahidi wa Kiswahili cha Tanga



Nilipoombwa kuchagua mada, wenzangu katika idara walitazamia kwamba ningesema juu ya lahaja za Mrima, kwa kuwa huko ndiko nilikokulia na ndiko nilikofanyia sehemu kubwa ya utafiti wangu. Sikuwaasi kabisa. Nitafika Tanga, ila nitaanzia mbali, katika neno dogo la Kiingereza ambalo huenda wengi wenu hamjapata kukutana nalo. Neno hilo ni *nixie*. Kwa wafanyakazi wa posta wa Marekani, *nixie* ni barua au kifurushi kisichoweza kumfikia mwenyewe kwa sababu anwani yake imekosewa, haisomeki, au haipo.

Swali langu ni jepesi kulitamka. Kiingereza cha posta kina jina la kitu hiki. Kiswahili, ambacho wasemaji wake wameandikiana barua kwa karne kadhaa, hakina nomino inayolingana nalo. Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba lugha yetu ina upungufu wa istilahi, na dawa yake ni kuunda neno. Nimelisikia jibu hilo katika semina nyingi, na ninakiri kwamba nilipokuwa kijana nililitoa mimi mwenyewe. Leo sikubaliani nalo, na sababu zangu ndizo mhadhara wenyewe.

Neno lenyewe

*Nixie* limejengwa na mofimu mbili. Shina ni *nix*, lenye maana ya "hakuna kitu", ambalo liliingia katika Kiingereza cha mazungumzo mwishoni mwa karne ya 18 kutoka Kijerumani. Katika Kijerumani sanifu neno hilo ni *nichts*. *Nix* ni matamshi yake ya mitaani na ya lahaja. Tukilichimba zaidi tunakuta kwamba *nichts* nalo ni masalia ya maneno zaidi ya moja katika Kijerumani cha kale, yaani kikanushi kilichoungana na neno lenye maana ya kitu. Kwa ufupi, "si kitu". (Kwetu *si kitu* ni maneno ya kumliwaza aliyevunja kikombe, lakini hilo ni jambo jingine.) Mofimu ya pili, *-ie*, ni kiambishi cha Kiingereza cha kudogosha na kuonyesha mazoea, ambacho kazi yake inakaribiana na *ki-* yetu ya udogo. Karani aliposhika barua asiyoweza kuipeleka popote, aliiita kwa mzaha wa kikazi jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "kijisikitu".

Neno hili linaonekana katika miaka ya 1880 miongoni mwa makarani waliokuwa wakichambua barua ndani ya mabehewa ya treni. Mwongozo rasmi wa posta ya Marekani wa mwaka 1885 ulilitaja katika umbo la *nixes*, na maana uliyoitoa ilikuwa finyu kuliko ya leo. Ilihusu barua zilizoandikiwa mahali ambapo hapana ofisi ya posta, au zilizotaja jimbo ambalo halina posta yenye jina lile. Naomba mlizingatie jambo hili, kwa sababu nitalirudia. Katika fasili hiyo mtu hatajwi. Kinachokosekana ni mahali. Mwandikiwa anaweza kuwa hai, mwenye nyumba, mke, watoto na ng'ombe, na watu wote wa pale wakawa wanamfahamu. Maadamu mahali pake hapamo katika orodha ya ofisi, barua yake ni si-kitu.

Wanafunzi watakaofungua kamusi za Kiingereza watakuta *nixie* nyingine, yenye maana ya jini wa kike akaaye mtoni. Hilo pia lina asili ya Kijerumani, ila linatoka katika *Nixe*, shina lisilohusiana na *nichts*. Mtu mwenye mawazo mepesi angeweza kutunga hadithi nzuri ya barua zilizovutwa chini na jini wa maji, na hadithi ingependeza, na ingekuwa ya uongo. Sisi watu wa pwani tunao mfano wetu wa kututia adabu. *Chunusi* za usoni na *chunusi* wa baharini, yule anayeaminiwa kuwavuta waogeleaji, yanafanana kwa sauti, na tofauti hudhihirika katika upatanisho wa kisarufi. Hakuna mtaalamu makini atakayeyaunganisha kwa sababu tu ya sauti. Mnamo miaka ya 1950 jina *nixie* likapewa pia aina ya taa za kuonyesha tarakimu. Hilo nalo tuliache.

Kiingereza hakikuishia hapo. Barua isiyofika waliiita "mfu", na ofisi maalumu ya barua wafu ilianzishwa London mwaka 1784 na nyingine Marekani mwaka 1825. Herman Melville aliitumia ofisi hiyo katika hadithi yake ya karani Bartleby ya mwaka 1853. Barua yenye anwani isiyosomeka waliiita "kipofu", ingawa aliyeshindwa kuona ni msomaji. Washington, mwishoni mwa karne ya 19, palikuwa na mtumishi aliyesifika sana kwa kuzifumbua anwani za namna hiyo, Bibi Patti Lyle Collins. Alizisoma kwa kujua majina ya mitaa, lafudhi za wahamiaji na jinsi kila taifa linavyokosea tahajia. Basi barua hiyo moja imekuwa maiti, imekuwa kipofu na imekuwa si-kitu. Yote matatu ni majina yaliyotolewa na mtu aliyekaa nyuma ya meza ya ofisi. Mtumaji hakuulizwa, wala mwandikiwa.

Barua ya mtu na barua ya mahali

Sasa tuje kwetu. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yenye tarehe tunayoyajua ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikihusu mambo ya Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na leo zimo katika nyaraka za Goa, ng'ambo ya pili ya bahari. Fasihi andishi yetu imezaliwa ikiwa na mwandikiwa.

Barua ya pwani ya zamani ilikuwa na taratibu zake. Ilianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa heshima zake, ukoo wake na dua za kumtakia afya na umri, kisha ndipo likaja lile *ama baada* linalofungua shauri lenyewe. Mahali palitajwa, lakini mzigo wa kuitambulisha barua ulibebwa na jina la mtu. Iliwekwa mkononi mwa msafiri, kwa mfano nahodha wa jahazi, mfanyabiashara wa bara, au mwanafunzi wa chuo anayerudi kwao Pangani. Asipomkuta mwenyewe huacha kwa nduguye, kwa imamu, au dukani kwa Mhindi. Msemo kwamba waraka ni nusu ya kuonana ulikuwa kweli kwa namna mbili, kwani hata aliyeileta barua alikuwa amemwona mtumaji kwa macho yake, na angeweza kuulizwa, "Umemwachaje?"

Msamiati wenyewe unatoa ushahidi. *Anwani* ni Kiarabu *ʿunwān*, ambalo huko lina maana ya kichwa cha maandishi na pia maelekezo ya barua. Kiswahili kimezichukua maana zote mbili, na bado tunasema anwani ya kitabu. *Waraka* ni Kiarabu pia, lenye maana ya karatasi au jani, na mnajua jinsi sarufi yetu ilivyolifanya. Silabi ya *wa-* ni sehemu ya shina la Kiarabu, lakini masikio ya Kibantu yakaisikia kama kiambishi cha ngeli ya *u-*, tukapata wingi *nyaraka*. Mimi hulitumia neno hili kila mwaka kuwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu linaonyesha mgeni aliyefika na kupewa jina la ukoo papo hapo. *Tarishi*, ambaye siku hizi tunamfahamu kama mtumishi wa kusambaza majalada ofisini, ni mjumbe katika Kiarabu cha Ghuba. Kila mahali katika orodha hii kuna karatasi au mtu. Mtaa na namba ya nyumba havimo.

Si kwamba barua hizo hazikupotea. Hati ya Kiarabu ilivyotumiwa na wengi haikutenganisha *p* na *b*, wala *f* na *v*, na *ng* mara nyingi iliandikwa kwa *ghain* peke yake. Jina la Tanga liliweza kuandikwa kwa herufi ambazo mgeni angezisoma "Tagha". Aliyejua kwamba kuna mji uitwao Tanga alisoma Tanga. Aliyekuwa hajui alikwama. Usomaji ulitegemea ujuzi wa nchi na watu, kama ule wa Bibi Collins. Na hofu ya kupotea ilikuwapo. Katika nchi za Kiarabu watu waliandika juu ya barua tarakimu 8642, ambazo ni thamani za herufi za neno *badūḥ* katika hesabu ya abjadi, kwa kuamini kwamba zitaifikisha salama. Wamarekani walikuwa na jina la barua iliyoshindwa kufika. Hawa walikuwa na neno la kuizuia isishindwe.

Wajerumani walikuja na mpango mwingine. Mrima uliwapa jina lililotokana na lao wenyewe, *Wadachi*, kutoka *deutsch*, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alilitumia katika utenzi wake wa vita vya kutamalaki Mrima. Tanga ikapata shule ya serikali, ikapata reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na ikapata posta. Stempu za mwaka huo huo wa 1893 zilikuwa za Ujerumani zilizopigwa chapa ya *Pesa*, neno tulilokwisha lipokea kutoka Bara Hindi. Baada ya sarafu kubadilishwa, stempu za kuanzia mwaka 1905 zilionyesha bei kwa *Heller*. Kwa hiyo maneno mawili tunayoyatumia leo kutajia fedha, *pesa* na *hela*, yote yalipata kubandikwa juu ya bahasha za Tanga. Kijerumani kilituachia *hela* na *shule*. *Nichts* hatukulichukua. Huko Marekani Kijerumani kilifika kama lugha ya majirani wahamiaji wanaotaniana kazini. Hapa kilifika kama lugha ya shule, kodi na amri, nasi tukachukua ya shule na kodi.

Waingereza walipoitwaa Tanga mwaka 1916 mpango haukubadilika katika msingi wake. Barua ilipelekwa kwenye ofisi, na kutoka ofisini kwenye sanduku lenye namba. Herufi S.L.P. zikawa sehemu ya jina la mtu. Ngamiani ilikuwa na barabara zake zenye namba, zimenyooka kama mistari ya daftari, lakini hazikutumika kwa barua: mtu wa Barabara ya Kumi na Mbili aliandikiwa kwa sanduku la mwajiri, la shule, la msikiti au la mwenye duka. Sanduku moja lilibeba mamia ya watu. Anwani za makazi zenye postikodi zilitiliwa mkazo nchini kote katika operesheni ya mwaka 2022, kabla ya sensa, wakati ambapo barua za mkono zilikuwa zimekwisha adimika.

Mfano mzuri wa uimara wa njia ya mtu ni barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilizochapishwa na TUKI mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa hamishwa. Tunazo leo kwa sababu mtu mmoja alizipokea na kuzihifadhi kwa miongo mingi. Ofisi haikuzihifadhi.

Mzee wa shamba la mkonge

Nawaomba radhi kwa kuingiza habari zangu binafsi katika mhadhara wa kitaaluma. Sina ushahidi bora zaidi.

Mkonge wenyewe una kisa cha anwani. Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida mwaka 1893. Inasimuliwa kwamba katika miche elfu moja ilinusurika 62. Jina la kimataifa la zao hili ni *sisal*, nalo ni jina la bandari ya Yucatán, Mexico, ambako nyuzi zilikuwa zikisafirishwa. Jina la bandari likachukuliwa kuwa jina la mmea. Sisi nasi nyuzi zake tunaziita *katani*, ambalo kwa Kiarabu ni kitani, mmea mwingine kabisa. Maneno yote mawili yamefika kwa siye, na yamepokewa vizuri sana.

Mashamba ya Tanga yalihitaji watu, na watu waliletwa kutoka Songea, Njombe, Msumbiji, Nyasa, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa *manamba*. Neno la Kiingereza *number* lilitiwa kiambishi cha ngeli, likapewa upatanisho wa watu, na likawa jina la tabaka. Manamba *wamefika*, wala si *yamefika*. Sarufi iliwahesabu kuwa watu hata pale daftari lilipowahesabu kwa tarakimu.

Mwaka 1975 nilikuwa darasa la sita upande wa Muheza. Ujana wa SILABU ulikuwa umepita, lakini wazee waliobaki mashambani walikuwa wengi. Mmoja alikuwa jirani yetu, mtu wa kusini, aliyekuja akiwa kijana na hakurudi tena. Mimi nilikuwa mwandishi wake wa barua. Nilimwita babu, naye akiniita mjukuu wangu, na malipo yalikuwa muwa. Kila miezi michache alimwandikia kaka yake. Anwani aliijua kwa moyo: jina la kaka, shule ya msingi ya kijiji, sanduku la posta la mji wa karibu.

Barua moja ilirudi. Ilikuwa imekaa miezi mitano njiani. Juu ya bahasha, jina la kijiji lilikuwa limekatwa mstari, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu neno moja: *Hajulikani*.

Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Hajulikani na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Babu, ndivyo walivyoandika."

"Mimi namjua," akasema. "Mama yetu alimjua. Hata wewe unamjua, umemwandikia barua sita."

Imenichukua miaka mingi, na shahada kadhaa, kuelewa kwamba mzee yule alikuwa ameuliza swali la isimu. Kitenzi *-jua* kikinyambuliwa kwa *-lik-* na *-an-* kinapata *-julikana*, ambacho hakidai mtenda. *Hajulikani* linasimama peke yake, kana kwamba kutojulikana ni sifa ya mtu mwenyewe, kama urefu au upara. Angalieni tofauti yake na *sikumjua* au *hatukumpata*. Hapo yupo aliyeshindwa, na anaweza kuulizwa alimtafuta vipi. Neno la kwenye bahasha lilihamisha kushindwa kutoka kwa mtafutaji likambandika mtafutwa. Kwa kazi hiyo lilikuwa na undugu na *nix*, ingawa halina undugu nalo kwa asili.

Nini kilikuwa kimetokea? Baada ya amri ya Novemba 1973 kwamba wananchi wote waishi katika vijiji, operesheni ya kuhamia vijijini ilipita kusini kama ilivyopita kwingineko. Kijiji cha kaka yake kilikuwa kimehamishwa, na shule ya zamani ilikuwa imefungwa. Mtu alikuwapo, mahali ndipo palipoondoka. Barua ya mzee ilikuwa *nixie* kwa maana ile ya mwaka 1885, iliyoandikiwa mahali ambapo hapapo katika orodha. Simlaumu karani aliyeshika kalamu nyekundu. Huenda alikuwa na magunia ya barua kama hizo mwaka ule, na hakuna aliyempa orodha ya vijiji vipya.

Mzee hakuandika tena kwa posta. Alingoja mpaka akapatikana kijana wa shambani aliyekuwa akienda kusini kwa msiba, akampa barua ileile mkononi. Kijana akauliza kwa jina la mtu, jina la baba, na jina la utani la ukoo. Aliporudi alileta salamu na debe dogo la mahindi. Kaka alikuwa akiishi kijiji kipya, mwendo wa maili nne kutoka pale pa zamani.

Siko, sipo, siye

Sasa naweza kurudi kwenye swali la istilahi. Je, ni kweli Kiswahili hakina namna ya kusema hili? Wasikilizeni wasemaji. Barua *imekwenda siko*. Mzigo umeshushwa *mahali sipo*. Amepewa *mtu siye*. Wamepita *njia siyo*. Hizi ni semi za kila siku, kutoka Vanga mpaka Pangani na mbali zaidi, na zimejengwa kwa utaratibu mmoja: kikanushi *si* kikifuatwa na kirejeshi cha ngeli.

Tazameni utajiri uliomo. Kiingereza kilichukua neno moja la kukanusha kitu na kulibandika kwa barua zote zilizoshindwa. Kiswahili kinamlazimisha msemaji kuchagua ni kipi kilichokosewa. *Sipo* linakanusha mahali mahususi: barua imefika ofisi hii, nayo si hapa. *Siko* linakanusha upande au eneo: imepelekwa kaskazini ilhali ni ya kusini. *Simo* linakanusha ndani: imetiwa katika sanduku ambalo silo. *Siye* linakanusha mtu: mahali ndipo, lakini aliyepokea ana jina kama la mwenyewe tu, jambo la kawaida katika pwani iliyojaa akina Saidi bin Ali. Na kila kimoja kati ya vikanushi hivi kina mwenzake wa uthibitisho: *ndipo, ndiko, ndimo, ndiye*. Anayesema kwamba barua imekwenda siko amekwisha kukiri kwamba ndiko kupo mahali fulani. Barua haikufa. Haikuwa si-kitu. Ina kwao, ila haijafika.

Kwa sababu hiyo sikuunga mkono pendekezo la mwanafunzi wangu mmoja, hodari sana, aliyetaka tasnifu yake iingize istilahi *barua mfu*. Ni tafsiri sisisi, na inaleta pamoja na neno mtazamo wa meza ya ofisi. Aliniambia, kwa adabu, "Profesa, lakini istilahi inapaswa kuwa nomino." Hoja yake ina uzito. Kamusi za fani hupenda nomino, na karani anahitaji kitu cha kuandika juu ya kasha. Nilimjibu kwamba *barua ya siko* inaweza kuandikwa juu ya kasha lolote, kwa kuwa Kiswahili hugeuza vitu vya namna hii kuwa nomino bila shida. Tunazo *ndiyo* na *siyo* zinazopigiwa kura. Hatukukubaliana. Tasnifu ilipita ikiwa na istilahi yake, nami nikaitia sahihi.

Ninachowasisitizia wanakamusi ni kidogo zaidi. Vikanushi hivi huelezwa katika vitabu vya sarufi kama viungo vya kisintaksia, na matumizi yake kama vielezi, *kwenda siko, kufika sipo, kumpa siye*, hayapewi nafasi yanayostahili katika kamusi kama semi zenye maana yake. Mwanafunzi wa kigeni akikutana na *amekwenda siko* atadhani ni kosa la chapa.

Ile hela

Mtu ataniuliza, mambo haya yana faida gani leo ambapo hakuna anayeandika barua? Nasema kwamba kukosea anwani hakujapungua. Kumehamia kwenye simu. Fedha hutumwa kwa namba isiyo yake kila siku. Na wote mlio hapa mmepata kupokea ule ujumbe kutoka namba msiyoijua, unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii, kisha likatajwa jina litakalotokea.

Ujumbe huo ni wa kitapeli, na mjanja wake wote ni kiashiria kimoja. *Ile* hudai kwamba mimi na wewe tunaifahamu hela inayosemwa. Inaingia katikati ya mazungumzo ambayo hayakuwapo. Miongoni mwa wengi wanaoupokea, wapo ambao dakika ileile wanasubiri kuelekezwa namba ya kulipia kodi ya nyumba au ada. Kwao ujumbe umefika ndiko. Tapeli ametunga barua ya siko kwa makusudi, akitumaini kwamba itampata mtu anayedhani ndiye. Hapa kujua kuuliza "ile ipi?" kunaokoa mshahara wa mwezi. Nayo *hela* yenyewe, kama tulivyoona, ilipata kuwa bei ya stempu.

Bahasha ya mzee ninayo. Alinipa mwenyewe kijana aliporudi, kwa kuwa hakuwa na haja nayo tena, na leo nimeileta. Anayetaka kuiona aje mbele baada ya maswali, aishike kwa uangalifu maana karatasi imechakaa mikunjoni. Neno *Hajulikani* bado ni jekundu. Chini yake, kwa penseli na kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, mzee aliniagiza niandike jina la kijiji kipya, jina la kaka yake tena, na maili nne.